Kushuka mlima na mtoto wa miaka miwili: vidokezo kwa wazazi wa Goma

Kupanda, mtoto hupanda kwa furaha. Anang'oa majani, anakimbilia mbele, anauliza jina la kila mjusi. Kazi huanza mkigeuka kurudi. Mteremko unamsukuma, kichwa chake kizito kinamvuta mbele, na usingizi nao unamjia saa ileile. Sisi wa Goma mteremko hatuukwepi. Mji wetu uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ziwa Kivu likiwa chini yake, Nyiragongo ikiwa juu, na kila upande ni vilima na mawe ya volkano. Wapo wanaopanda Mont Goma Jumapili baada ya ibada ili watazame ziwa na Gisenyi ng'ambo. Wapo wanaoshuka kutoka kwa bibi, Masisi, mtoto mgongoni na gunia la viazi kichwani, kwa kuwa njia nyingine hakuna. Vidokezo hivi ni vya wote hao. Jambo ninalotaka mzazi mwenzangu alishike ni hili: mtoto wa miaka miwili ana urefu wa kama sentimita 85, kwa hiyo hewa anayovuta, jiwe linalomkata na kitu kinachomvutia akiokote viko chini, mahali ambapo macho yako hayafiki upesi. Kabla ya kushuka, chuchumaa karibu naye uitazame njia kutoka hapo alipo.

1. Chagua mlima unaomtosha

Nyiragongo ni fahari yetu, lakini si mlima wa mtoto huyu. Una mita 3,470. Kutoka Kibati, mtu mzima mwenye afya hupanda kwa muda wa saa nne hadi sita, hulala ukingoni mwa kreta kwenye baridi kali, kisha asubuhi hushuka juu ya mawe yanayobiringika chini ya nyayo. Hewa ya huko ni nyepesi, na mtu mzima akiumwa kichwa atasema. Mtoto wa miaka miwili atalia tu, nawe utadhani ana njaa. Mwache akue kwanza.

Mont Goma yatosha. Ni kilima cha volkano ya zamani ndani ya mji wenyewe, kando ya ziwa. Mtoto akikataa katakata kuendelea, barabara haiko mbali na pikipiki haikosekani.

2. Uliza habari za njia siku hiyohiyo

Habari za wiki jana hazitoshi. Vilima vingi kuzunguka mji wetu vimekuwa uwanja wa mapigano, na tangu vita vilipoingia Goma yenyewe Januari 2025, vitu vilivyoachwa ardhini ni hatari kubwa zaidi kwa watoto. Bomu ambalo halikulipuka linaweza kufanana na kopo, chupa au mpira, na mtoto wa miaka miwili huokota chochote kinachong'aa. Pita njia zinazokanyagwa na watu kila siku, wanaokwenda shambani na wanaoteka maji. Usikate njia ya mkato vichakani ili kufupisha safari. Ukiona chuma usichokijua, mbebe mtoto papo hapo, rudi kwa nyayo zako, kisha mwambie mkuu wa mtaa. Usikiguse, wala usikitupie jiwe.

Kama wenyeji wa kilima wanakuambia leo usipite, usipite. Hakuna picha ya ziwa inayostahili ubishi huo.

3. Penye mazuku, mtoto hakanyagi chini

Hiki ndicho kidokezo ninachoomba usikiruke, hata ukiwa na haraka.

Ardhi yetu inatoa kabonidioksidi kupitia nyufa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa kwa kama mara moja na nusu, hivyo hutuama mashimoni kama maji; mashimo hayo ndiyo tunayoyaita mazuku. Hewa ya kawaida ina gesi hiyo kwa chini ya asilimia 0.05. Penye mazuku yaweza kupita asilimia 10, kiwango kinachoweza kumwangusha mtu mzima kwa dakika chache. Sasa fikiria kimo. Gesi ikijaa shimo hadi kiunoni pako, wewe unapita unaongea na simu, na mtoto uliyemshika mkono tayari kichwa chake kimo ndani. Ndiyo maana wanaokufa kwanza ni mbuzi, mbwa, kuku na watoto.

Sehemu zinazojulikana zaidi ziko magharibi mwa mji, kwenye ukanda wa ziwa ukielekea Sake: Bulengo, Lac Vert, Mugunga. Lakini hata kwingineko kwenye ardhi ya volkano, ogopa kila bonde dogo lisilopitisha upepo, kila ufa, kila shimo lililochimbwa kutolea mawe ya kujengea. Hatari huwa kubwa usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Jua likishapanda na upepo ukivuma, gesi hupungua, ingawa shimo lenye kina huweza kubaki nayo mchana kutwa. Dalili zipo ukizitafuta: nyasi zilizonyauka katikati ya majani mabichi, panzi na vipepeo waliokufa wamelala pamoja, ndege aliyeanguka bila jeraha.

Kwa hiyo ukianza kushuka kuelekea bondeni, mbebe mtoto, juu mgongoni, kabla hamjafika chini. Msipumzike bondeni. Usimkalishe shimoni umkinge upepo, kwa kuwa upepo huo ndio unaowalinda. Usiwashe kiberiti kupima, kwani anayeinama kupima ameshaingiza pua yake humo. Na kama mtu ameanguka shimoni, usishuke kumfuata wala usiiname juu yake. Piga kelele, tafuta kamba au mti mrefu, avutwe kutoka juu. Katika ajali za gesi ya namna hii duniani kote, anayekimbilia kuokoa mara nyingi hulala pembeni ya yule aliyetaka kumwokoa.

4. Mgongoni, na kikwembe kifungwe upya

Hapa mama zetu wana elimu ambayo duka la mikoba ya kupandia milima haliuzi. Mtoto aliye kifuani anakuzuia kuona miguu yako, na mlimani, mguu usiouona ni mguu utakaojikwaa. Mgongoni ndipo mahali pake.

Mgongoni nako kuna hatari yake. Anayeteleza akishuka mara nyingi huanguka kinyumenyume, na nyuma ndiko aliko mtoto. Kwa hiyo usiegemee nyuma, hata kama mwili unakuambia ufanye hivyo. Kunja magoti kidogo, leta kifua mbele kidogo, chukua hatua fupi, na panapoporomoka geuka ubavu ushuke kwa zigizaga. Shika fimbo mkono mmoja, uitangulize chini kabla ya mguu. Ukihisi umeteleza, anguka kwa ubavu, keti kwa paja.

Kabla ya kuanza kushuka, fungua kikwembe chote ufunge upya, hata kama kilikuwa kimekaa vizuri wakati wa kupanda. Kitambaa kikilowa jasho hulegea, na mtoto aliyeshuka kiunoni hukuvuta nyuma kwa kila hatua. Matako yake yazame ndani ya kitambaa, magoti yawe juu kidogo ya matako, miguu ikukumbatie mbavu. Ukingo wa juu upite chini ya kwapa zake akiwa macho, na ufike shingoni akilala ili kichwa kisining'inie. Fundo lako liwe juu ya kifua, lisikae tumboni. Kisha ruka kidogo papo hapo. Akishuka hata vidole viwili, funga tena.

Baba nao wabebe. Nimeona Mont Goma baba akitembea mbele mikono mitupu, mama nyuma yake na mtoto, mfuko na mwavuli. Kikwembe hakichagui mgongo, na magoti mapya nusu ya njia ni usalama wa mtoto.

5. Usimvute kwa mkono

Mtoto anateleza, nawe unamnyanyua kwa kiganja. Kila mzazi hufanya hivyo, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ni njia rahisi ya kuteguka kiwiko: mfupa mmoja wa mkono huchomoka kwenye kano inayoushika, mtoto analia na kuacha mkono ukining'inia bila kutaka kuutumia. Ikitokea, mpeleke kituo cha afya, na usijaribu kuunyoosha mwenyewe mlimani. Daktari au muuguzi anayejua huurudisha kwa muda mfupi.

Njia bora ni kikwembe cha pili. Kikunje kiwe mkanda mpana, kipitishe kifuani mwa mtoto chini ya makwapa, fundo mgongoni, ncha mbili mkononi mwako. Anatembea huru, na akiteleza kifua chake chote kinashikwa, si kiungo kimoja. Mtu mzima wa pili, kama yupo, atembee chini yake, hatua moja mbele, uso akiugeuzia kwa mtoto. Mtoto huporomokea chini, basi huko chini ndiko pawe na mikono ya kumpokea.

6. Kwa matako ni mwendo halali

Watoto wengi hawawezi kushuka ngazi kwa kupishanisha miguu hadi wakaribie miaka minne. Anayeweka miguu yote miwili kwenye kila jiwe kabla ya kuendelea anafanya kile mwili wake unachoruhusu, na kumharakisha ni kumwangusha. Penye jiwe refu mgeuze aelekee mlima, ashuke kinyumenyume kama anayetoka kitandani, nawe umwekee mguu mahali pake. Au aketi ajiburute.

Suruali ndefu nzito basi, wala si kaptula. Mawe yetu ya volkano yana makali, na Goma tunayajua: tumejengea nyumba na kuta juu ya yale yaliyotujia Januari 2002. Akikatika, osha kidonda vizuri kwa maji safi na sabuni, utoe chembe zote, funga. Angalia pia kadi yake ya chanjo, maana ya pepopunda imo kwenye chanjo za utotoni na ni vizuri kujua kama alizimaliza.

7. Kucha kwanza, viatu baadaye

Kushuka huvisukuma vidole mbele ndani ya kiatu kwa kila hatua. Mkate kucha za miguu siku moja kabla. Kiatu kifungwe vizuri kifundoni, kisigino kisicheze. Kandambili na viatu vya plastiki vilivyo wazi huviacha vidole wazi kwa mawe, na vumbi jeusi likiingia humo hukwaruza ngozi hadi malengelenge.

8. Mpishe mwenye chukudu

Kwenye barabara zinazoteremka kuingia mjini, chukudu, ile skuta yetu ya mbao, lililosheheni makaa au kabichi halisimami upesi. Breki yake ni mguu wa mwenyewe akikandamiza kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma. Ukisikia "Mama, pisha njia!", usisubiri kuona kama atakukwepa. Toka nje ya njia pamoja na mtoto, upande wa mlima na si upande wa korongo, umgeuze mtoto akuelekee wewe mpaka chukudu lipite. Kisha mwambie atazame. Hakuna mtoto wa Goma asiyefurahia chukudu likishuka.

9. Usimpime mtoto kwa jasho lako

Wewe unayembeba unatokwa na jasho na unadhani kuna joto. Yeye amekaa kimya mgongoni, hatembei, upepo wa ziwa unampiga. Gusa shingo yake na vidole vya miguu mara kwa mara. Sweta la kuvaa na kuvua ni bora kuliko koti moja zito. Kofia ni lazima: tuko karibu na ikweta na juu ya mita 1,500, jua huchoma hata mawingu yakiwepo.

10. Tumbo na koo

Uji kabla ya kutoka, ndizi mbivu na yai la kuchemsha huko juu kabla ya kugeuka. Mtoto anayeshuka na njaa huanguka zaidi. Ale akiwa ameketi, si akitembea. Karanga zinauzwa kila kona na watoto wanazililia, lakini karanga nzima humkaba mtoto mdogo kirahisi, sembuse anayerukaruka mteremkoni.

Maji yatoke nyumbani, yaliyochemshwa. Usimpe maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mapaa ya vijiji vya karibu na volkano ukidhani kuchemsha kunatosha. Mvua inayopita kwenye moshi wa volkano huokota floridi, ambayo haiondoki kwa kuchemsha na huharibu meno yanayoendelea kukua.

11. Geuka mapema

Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza halichelewi. Mvua nayo hupenda mchana na jioni, na tope jeusi juu ya jiwe laini huteleza kuliko sabuni. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo mikavu zaidi. Muda unaokutosha wewe kushuka peke yako, uzidishe mara tatu, kisha uamue saa ya kugeuka. Mtoto anapokuwa bado anacheka huko juu, hiyo ndiyo saa. Ukingoja alie, utashuka na mtoto aliyechoka kwenye mwanga unaoisha.

Akianza "Mama, niko nachoka", usimwambie ni karibu kama si karibu. Mwonyeshe kitu kimoja: "Unaona ule mti, Papa? Tukifika pale nitakubeba." Na mkifika pale, mbebe kweli. Anayeaminishwa mti wa kwanza atatembea hadi wa pili. Wimbo husaidia pia, na kuhesabu mawe kwa sauti. Mita za mwisho, barabara ikionekana na mabati ya nyumba yakiwaka jua, msikimbie. Hapo watu wazima huanza kuongea na kuacha mikono ya watoto, na miguu yote imechoka.

12. Namba ya simu mwilini mwa mtoto

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma walitoka kwa miguu gizani, wengine kuelekea Gisenyi, wengine kuelekea Sake. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametenganishwa na familia zao, na zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Mtoto mdogo hajui jina la baba zaidi ya "Papa".

Mtoto hupotea vivyo hivyo hata Jumapili ya amani, kilimani penye watu wengi, wakati wazazi wanapiga picha. Andika kwa kalamu isiyofutika, ndani ya nguo yake au kwenye mkono wake: jina lake, jina la mzazi, namba mbili za simu, moja yako na nyingine ya ndugu anayeishi mtaa mwingine. Mvishe nguo ya rangi kali, nyekundu au manjano, inayoonekana mbali juu ya mawe meusi. Mpige picha kabla ya kuondoka nyumbani, ili ukiulizwa alivaa nini usibabaike.

Kalamu hiyo haihitaji mlima. Mzazi mwenzangu, iandike namba hiyo kwenye nguo zake leo jioni, hata kama kesho hamwendi popote.